Nafurahia nilichoandika, lakini naona haya kukisema

SWALI

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mtunza stoo katika kampuni ya vifaa vya ujenzi hapa Tanga. Nina mke na watoto wawili. Usiku watoto wakishalala huwa naandika mashairi ya arudhi, yaani yenye vina na idadi maalumu ya silabi (mizani), na hadithi fupi. Sijatoa kitabu, wala sina mpango huo. Naandika kwa sababu napenda.

Shida yangu ni kwamba nikimaliza kitu nafurahi usiku ule, kukicha furaha imegeuka aibu. Majuzi nimemaliza hadithi ya maneno kama 1,800, ya kwanza kufika mwisho baada ya nyingine nyingi kuishia njiani. Nilipomgusia mjomba akacheka, akaniambia, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Mke wangu si mkorofi, ila huniuliza haya maandishi yanaleta nini nyumbani. Kabla ya hapo gazeti moja lilichapa shairi langu la beti 7, lakini kwenye kibwagizo cha ubeti mmoja waliangusha neno, mizani ikapungua. Nikalikunja gazeti nikaliweka kabatini, sikumwonyesha mtu. Na wenzangu niliosoma nao, wawili wana vitabu.

Nifanye nini ili nifurahie haya madogo bila kujidanganya na bila kuonekana najisifu? Na nitajuaje kama nasonga mbele au nazunguka palepale?

Mtunza Stoo, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa hadithi.

Naanza na hongera kwa sababu katika barua yako yote hilo ndilo jambo zito, nawe umelipitisha haraka haraka kana kwamba unaomba radhi. Wanaoandika kwa mapenzi wengi wana mianzo tele na miisho haba. Kuanza kunataka wazo tu. Kumaliza kunataka uamuzi: tuseme mhusika wako ni Salma, anasamehe au hasamehi, barua inafika au inapotea, na kila ukiamua moja unazifunga njia nyingine zote. Hadithi nyingi hufia katikati kwa sababu mwandishi hajaamua mhusika wake anataka nini, basi anaongeza mvua, safari na jirani mpya ili asifike kwenye swali. Wewe umefika. Mianzo kumi haifundishi kile unachofundishwa na mwisho mmoja.

Sasa tuitazame hiyo aibu ya asubuhi. Usiku unajiambia, "Nimeandika hadithi nzuri." Kukicha unaisoma, unakuta sentensi tatu zinachechemea, na kwa kuwa furaha yote ilikaa juu ya neno "nzuri", inaanguka yote. Uzuri ni jambo la kubishaniwa, na mbishi wa kwanza ni wewe mwenyewe. Lililotendeka halibishaniwi. "Nimeifikisha mwisho hadithi ya maneno 1,800" ni kweli usiku na ni kweli asubuhi, hata zikichechemea sentensi ishirini. Furahia kitu unachoweza kukiwekea kidole. Huko si kujidanganya, na hata mkosoaji mkali hana pa kukushika.

Kwa kazi yako unajua leja, kwa hiyo fungua leja ya uandishi. Kauntabuku ndogo inatosha. Chora safu nne: tarehe, kazi gani, nini kimefanyika, na ushahidi uko wapi (daftari lipi, ukurasa upi, faili gani). Safu ya tatu ndiyo yenye kazi, na ina sharti moja: lazima iwe na kitenzi ambacho mtu mwingine angeweza kwenda kukikagua. Usiandike "Leo nimeandika vizuri." Andika "Nimefuta aya 2 za mwanzo. Sasa hadithi inaanza Salma anapofungua barua." Au "Nimebadilisha kina cha kati (silabi inayofunga nusu ya kwanza ya mshororo) cha ubeti wa 3 kutoka -ni kwenda -ma, kwa sababu -ni kilikuwa kinatoka kwenye viambishi tu: nyumbani, sokoni, njiani." Maingizo kama hayo, ukiyasoma baada ya miezi kadhaa, yanakuonyesha umejifunza nini hasa.

Kuhesabu maneno peke yake nakukataza. Idadi ya maneno inamzawadia anayejaza karatasi na kumwadhibu anayefuta, na sehemu kubwa ya ustadi wa uandishi iko katika kufuta. Tuseme usiku mmoja ulipunguza hadithi kutoka maneno 2,300 hadi 1,800: leja ya maneno ingekuonyesha hasara ya 500, ilhali huenda ndio usiku uliofanya kazi kuliko yote. Ukitaka idadi kwa sababu nyingine, mfano gazeti limeweka kikomo, hesabu maneno ya mistari mitano iliyojaa, gawanya kwa tano, zidisha kwa mistari ya ukurasa, kisha kwa kurasa. Makadirio hayo yanatosha.

Umeuliza utajuaje kama unasonga. Weka matoleo. Usiandike juu ya rasimu ya kwanza wala usiifute; iite toleo la 1, iwekee tarehe, na masahihisho yaanze kwenye toleo la 2. Kama unaandika kwenye simu, jitumie nakala kwa barua pepe kila unapomaliza toleo, maana simu ikiibiwa ushahidi wote umekwenda. Zima pia kile kipengele cha simu au kompyuta kinachosahihisha maneno chenyewe, au kichagulie Kiswahili. Kikiwa kwenye Kiingereza kinabadilisha maneno yako bila kukuuliza, na makosa ya aina hiyo ni magumu kuyaona kwa sababu neno lililoingia linaonekana limeandikwa sawasawa.

Mwisho wa mwezi unapofunga hesabu za stoo, funga na hizi. Soma maingizo yote, chagua moja unalolionea fahari kuliko mengine, lipigie mstari. Moja tu. Kuchagua kunakulazimisha useme kwa nini hili na si lile, na hapo ndipo unapoanza kuyajua maendeleo yako wewe mwenyewe bila kungoja mtu akuambie.

Niseme kidogo juu ya mashairi, kwa kuwa huko ushindi mdogo ni wa wazi kuliko kwenye hadithi. Mshororo wa mizani 16, nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili), ama umetimia ama haujatimia. Kosa linalowashika wengi ni sauti "m" na "n" zinazosimama peke yake. "Mtu" ni mizani mbili, m-tu. "Nchi" ni mbili, n-chi. "Mbwa" nayo ni mbili. Lakini "mbuzi" ni mbili tu, mbu-zi, na "nyumba" ni mbili, nyu-mba, kwa sababu humo "mb" inatamkwa pamoja na irabu yake. Tazama mshororo huu niliouandika kwa mfano tu:

Nchi yetu ina neema, mashamba yana mahindi

Anayehesabu "nchi" kuwa mizani moja atapata 8 upande wa kwanza, na ataridhika. Hesabu kwa mdomo, ukigonga meza kwa kidole: n-chi-ye-tu-i-na-ne-e-ma. Ni 9. Utao uko sawa: ma-sha-mba-ya-na-ma-hi-ndi, 8. Ukwapi ukiufanya "Nchi hii ya neema", unarudi 8 na maana haijaumia. Kugundua mizani moja iliyozidi na kuiondoa bila kuharibu maana, tena bila kubana neno kwa inkisari (kufupisha neno) isiyo ya lazima, ni kazi kamili. Iandike kwenye leja na uifurahie. Wasomaji hawataiona, kwa sababu mshororo uliotengemaa haumshtui mtu. Kwa hiyo usipoithamini wewe hakuna atakayeithamini.

Kwenye hadithi fupi, yapo masahihisho manne ambayo kila moja linastahili mstari wake. Funika aya mbili za mwanzo kwa karatasi, uanze kusoma ya tatu. Mara nyingi hadithi ilianzia hapo, na zile mbili zilikuwa mwandishi akipasha sauti. Soma mazungumzo peke yake bila maelezo, uone kama unajua nani anasema. Ukiwajua, ondoa "alisema kwa hasira" na ndugu zake. Kagua majina na umri, kwa sababu Mwajuma wa ukurasa wa 2 hugeuka Mwanajuma ukurasa wa 6. Kisha isome yote kwa sauti. Maneno 1,800 yatakuchukua kama robo saa au zaidi kidogo, na kila unapokwama ulimi weka alama pembeni bila kusimama kurekebisha. Ukisimama kurekebisha utasoma sentensi na hadithi itakupotea.

Nani aambiwe, na lini? Usiitangaze hadithi ambayo haijafika mwisho. Ukishaisimulia mezani na watu wakaguna kwa mshangao, ile hamu ya kutaka isikike imeshashiba, na kurudi kwenye daftari kunakuwa kama adhabu. Hadithi nyingi zimekufa hivyo. Ikimalizika, mpe msomaji mmoja mwenye subira. Usimuulize "Umeipenda?" kwa sababu atasema "nzuri" na hamtakuwa na la kuongeza. Muulize ni wapi alitaka kuacha kusoma, ni nani humo hakumwamini, na ni kitu gani angeondoa. Majibu ya maswali hayo yanaingia kwenye leja, na safari hii unajua pa kurekebisha.

Mtu akikupongeza, pokea. "Ahsante, nimefurahi umeisoma" inatosha kabisa. Tumelelewa kujishusha, tukiambiwa hongera tunajibu "aa, ya kawaida tu", tukidhani huo ndio unyenyekevu. Lakini aliyekupongeza ametumia muda wake kusoma, na unapoiita kazi ya kawaida unamwambia hana jicho. Majivuno ni kujipandisha juu ya mtu mwingine. Kusema "nimemaliza" hakumshushi yeyote.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na mjomba, kwa heshima zake. Methali yake inamhusu anayenadi bidhaa mbovu. Hadithi iliyofungiwa kabatini haijawa chema wala kibaya, haijasomwa. Usibishane naye. Mpelekee nakala, umwambie, "Mjomba, naomba uisome uniambie wapi imelegea." Wazee wengi huona ugumu kumdhihaki aliyewaomba fikra.

Swali la mke wako ulisikilize vizuri, kwani huenda si swali la fedha. Anayecheza bao barazani baada ya Isha haulizwi analipwa shilingi ngapi. Anaulizwa kwa nini amechelewa kurudi. Ukiandika kila usiku hadi saa sita, kinachomuuma ni usiku. Kubalianeni saa: kwa mfano jioni mbili kwa wiki, muda wa saa moja na nusu kila jioni, na nyingine zote ni za nyumbani. Shika ahadi hiyo hata siku ambayo kalamu imekolea. Wala usimwahidi pesa ili kumtuliza. Ukiahidi, kila hadithi itapimwa kwa ahadi hiyo, na utapoteza kitu unachokipenda kwa ajili ya deni ulilojitwisha mwenyewe.

Wenzako wenye vitabu, wapongeze na uwaache. Kitabu kinahitaji mswada mrefu, mchapishaji au mtaji, na miaka ambayo wao wameiweka huko. Hata mashindano makubwa ya Kiswahili, kama Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ni ya mswada mzima. Kujipima nao ukiwa na hadithi moja iliyokamilika ni kujipima kwa kipimo cha mashindano ambayo hukuingia. Na kama kinachokusumbua ni kwamba kazi yako ni ya stoo na si ya kalamu, Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 huko huko Tanga kwenu, alikuwa karani wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944. Simtaji ili ujipime naye. Namtaja kwa sababu uandishi wa Kiswahili umebebwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa na ajira nyingine mchana.

Kama unataka kitu cha kushika mkononi, tengeneza kijitabu chako nyumbani. Hadithi yako na mashairi machache vinaingia katika kurasa 16, yaani karatasi 4 za A4 zilizokunjwa katikati. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4, la sivyo utabaki na kurasa tupu mwishoni. Kwenye kompyuta weka ukubwa wa ukurasa A5 (nusu ya A4) tangu mwanzo, herufi za 11, na pambizo ya sentimita 2 upande wa mkunjo. Kosa la kawaida ni kuandika kwenye A4 kwa herufi za 12 kisha kuachia printa ipunguze; herufi zinashuka hadi kama 8 na nusu, na mjomba atahitaji miwani. Kuhusu mpangilio, karatasi ya nje kabisa inabeba ukurasa wa 16 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 15 upande wa pili, inayofuata inabeba 14 na 3, kisha 4 na 13, na kuendelea. Jozi yoyote ukiijumlisha lazima upate 17, na isipokuwa hivyo umekosea. Mwambie kijana wa steshenari achapishe pande mbili akigeuzia upande mfupi wa karatasi, vinginevyo nyuma itatoka kichwa chini.

Chapisha nakala moja kwanza, ikunje, isome yote, sahihisha, ndipo uchapishe nyingine tano au sita. Jalada liwe manila. Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo, kwa hiyo shona. Toboa matundu matatu kwenye mstari wa mkunjo, moja katikati na mawili sentimita 4 kutoka kila mwisho. Kata uzi imara wa kama sentimita 55. Anzia ndani, tundu la katikati, ukiacha mkia wa uzi. Toka nje, panda tundu la juu, ingia ndani, shuka moja kwa moja hadi tundu la chini, toka nje, rudi katikati, ingia ndani. Mikia miwili ya uzi iwe kila mmoja upande wake wa ule uzi mrefu wa ndani, ndipo ufunge fundo. Usipoupitisha uzi mrefu katikati ya mikia, kijitabu kitalegea kila kikifunguliwa. Wape waliokusaidia kusoma, na mke wako awe wa kwanza.

Limebaki gazeti. Litoe kabatini leo. Kosa la neno lililoanguka si lako, na shairi la beti 7 lililochaguliwa na mhariri limechaguliwa likiwa kamili. Kata ukurasa mzima, usikate shairi peke yake, ili jina la gazeti, tarehe na namba ya ukurasa vibaki. Pembeni, kwa penseli, andika kibwagizo chenye neno lililoanguka. Lipige picha au litolee kopi sasa hivi, kwa kuwa karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa massa ya mti ambayo haikuondolewa lignini, kile kitu kinachoshikamanisha nyuzi za mti, na lignini ikikutana na mwanga na hewa karatasi inageuka njano na kuvunjika. Asili iweke ikiwa imenyooka ndani ya bahasha, mbali na jua. Kopi iweke ndani ya leja yako, ukurasa wa tarehe ya gazeti, na kwenye safu ya tatu andika: "Limechapwa."

Unaweza pia kumwandikia mhariri mistari miwili ya adabu, ukitaja tarehe na ukurasa, na kumpa mshororo sahihi. Akisahihisha, vizuri, asiposahihisha, umeshajulikana kwake kama mtunzi anayehesabu mizani zake. Shairi lijalo litume kwa maandishi yaliyochapwa na si picha ya daftari, likiwa na jina lako na namba ya simu chini ya beti, na kwa gazeti moja tu kwa wakati mmoja. Lichapwe lisichapwe, siku unayolituma liingize kwenye leja, kwani kutuma ndiko kulikokuwa mikononi mwako.

Shangazi